Bibi Hafungui Mlango

Jumatatu, 4 Machi

Zimekufa! Zimekufa tena!

Mara ya nne sasa. Sahani ya seli zenye virusi: makapi matupu, yanaelea kama chembe za mkate kwenye chai. Sahani ya seli nzima: zimelala chini zimebanana, hazina habari. Kipara, mwenzangu wa maabara, alichungulia kwenye hadubini, akachungulia tena, akavua miwani, akanipa mkono kama mshenga aliyekubaliwa posa. Na Kipara si mtu wa kupeana mikono. Nywele zilimkimbia akiwa bado mwanafunzi, na anasema tangu hapo hategemei kitu.

Profesa alikuja na raba zake za maabarani, akatazama, akasema, "Vizuri." Akaondoka. Halafu akarudi mlangoni: "Vizuri sana." Kwa Profesa hiyo ni ngoma na vigelegele.

Niandike kwa maneno ya kawaida, maana kesho nitakuwa siamini. Tunachukua kirusi kisicho na madhara, tunakitoa matumbo yote, tunabakiza ganda. Ndani ya ganda tunaweka jeni yetu. Ganda linaingia kwenye seli ya ini, linaiacha jeni humo. Jeni inakaa kimya. Seli ikiwa nzima, jeni itanyamaza mpaka kiama. Lakini kama humo mna virusi vya homa ya ini, basi protini ya virusi vyenyewe ndiyo inayoiwasha. Mwizi anajiwashia taa! Jeni ikishawaka, dawa tunayotia baadaye inageuka sumu humo humo, na seli inakufa na mwizi wake ndani. Jirani haguswi.

Na jirani hakuguswa. Jirani wetu ni Bibi. Ndivyo tunavyouita ukoo wetu wa seli nzima za ini, uliokuwepo maabara hii kabla yangu mimi. Bibi hana makuu. Msahau mwisho wa wiki nzima, mcheleweshee chakula, mwache nje ya joto kwa sababu umepigiwa simu — utamkuta anaendelea na maisha yake. Kila mgeni hapa anajifunzia kwa Bibi. Kila jaribio, mzima wake wa kulinganishia ni Bibi. Nampenda kikongwe yule.

Kamati ya maadili inakaa tarehe ishirini na sita. Wakikubali tunatoka kwenye sahani na panya, tunaingia kwa watu. Watu! Nimetembea mpaka nyumbani nikitabasamu na kuta.

Jumatano, 6 Machi

Kwa Dada. Alikuwa amerudi kazini, bado amevaa ile fulana ya njano yenye maandishi MWALIMU mgongoni. Dada anafundisha udereva. Anashinda kiti cha pembeni, mguu kwenye breki ya ziada, akiwaambia watu wazima wasifumbe macho.

Ananimiminia chai, ananiambia bila hata kugeuka: ameshampa daktari wake wa ini jina lake.

"Jina la nini?"

"La hiyo dawa yenu ya kufukuza wapangaji. Mkiruhusiwa, mimi wa kwanza."

Chai ilinipalia. Nikamwambia kuwa wa kwanza si sifa. Akasema kila siku anapanda gari na mtu anayeshika usukani kwa mara ya kwanza, kwa hiyo nisimtishe. Shemeji, mumewe, alikuwa anamenya viazi kwenye sinki. Akakohoa tu. Shemeji akikohoa hivyo ujue walishagombana, na yeye alishashindwa.

Dada anavyo virusi tangu azaliwe. Alivipata kwa mama, kama mama alivyovipata kwa mamake. Mimi nilichanjwa siku niliyozaliwa, kwa kuwa chanjo ilikuwa imefika. Yeye alipozaliwa ilikuwa haijafika. Tumbo moja, mama mmoja! Vidonge anavyomeza kila asubuhi vinavifunga virusi mdomo, lakini havivitoi ndani ya nyumba. Mama alikufa kwa ini. Nimeingia kazi hii kwa ajili hiyo, sina haja ya kujifanya vingine.

"Hivi we unaiamini au huiamini?" aliniuliza.

Naiamini, nikasema.

"Basi, kitindamimba. Kama haimfai dada yako, isimfae mtu."

Alhamisi, 7 Machi

Siku nzima neno lake limenikaa rohoni. Naiamini. Ndiyo. Lakini kuamini kwa sahani ni kitu kimoja, kuamini kwa Dada ni kingine.

Nimemtoa Bibi kwenye kabati la joto nikamkalia kitako. Wiki iliyopita Kipara alikosea akamtilia maganda mara kumi ya kipimo. Mara kumi! Tulicheka. Leo nimeitazama tena ile sahani. Bibi hana hata uchovu. Seli yoyote ikiingiliwa na maganda mengi hivyo inaonyesha jambo: inavimba kidogo, inapunguza kuzaana, inanuna. Mgeni hata awe mpole kiasi gani, akiingia kwako utaona kikombe kimoja kimechafuka.

Kwa Bibi hakuna kikombe.

Sipendi.

Jumatatu, 11 Machi

Moyo wangu mzito kama gunia la maji. Niandike haraka.

Nilimwomba Kipara maganda ya taa, yaani ganda lile lile, ila badala ya jeni ya kuua, ndani mna jeni ya kung'aa kijani. Likiingia kwenye seli, seli inawaka. Wagonjwa, seli zetu zenye virusi, waliwaka wote kama taa za uwanja. Bibi — giza.

Kipara akasema labda taa ya hadubini imeungua. Tukabadilisha. Giza. Akasema labda nimetia kidogo. Tukaongeza. Giza. Akavuta kiti akakaa.

Bibi hafungui mlango.

Seli ya ini ina mlango wake nje, na ganda letu linapita hapo. Bibi amelelewa kwenye sahani miaka na miaka, kizazi juu ya kizazi, raha mustarehe, hana wa kumfungulia. Mlango umepotea. Na sisi tulijua! Hilo ndilo linaloniuma. Zamani walijaribu kumwambukiza Bibi virusi ili tuwe na wagonjwa wa kufanyia kazi. Akakataa. Kila mgeni husimuliwa kisa hicho hapa wakati wa chai: Bibi ana kinga, Bibi mbishi, Bibi haingiliki! Tunacheka. Kisha tukaenda kutafuta seli nyingine za kuambukiza, na Bibi tukamfanya kipimo chetu cha seli nzima. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini haingiliki. Tulikuwa tunamsifu.

"Panya je?" nikasema.

Kipara akatikisa kichwa. Mlango ule ni wa ini la mtu, panya hana. Kijipande cha ini la mtu tulichowapandikiza panya wetu kilikuwa kimeambukizwa chote. Kwa hiyo katika kazi hii yote, tangu siku ya kwanza, jeni yetu haijawahi kuingia kwenye seli nzima ya mtu. Hata moja. Za Bibi hazikusalimika kwa hekima ya jeni. Hazikuguswa kabisa.

Itanyamaza humo ndani, au itaropoka? Hatujui. Hatujui!

Na wa kwanza kwenye foleni ni Dada.

Jumanne, 12 Machi

Kipara alinisubiri getini. Anaona tuiache kamati ikae kwanza. Kibali kikipatikana ndio tujaribu kwa seli nyingine, maana watu hawataanza kutibiwa kesho yake. Si mtu mbaya. Ana watoto watatu na mkataba unaoisha Juni. Nikamwambia hapana. Akasema alijua nitasema hapana, alitaka tu asiwe hajajaribu.

Profesa alikuwa anaosha kikombe chake. Nikamweleza nikiwa nimesimama. Akauliza, "Umerudia?" Mara tatu. Akazidi kukisugua kikombe kilichokwisha takata.

"Bibi nilimleta mimi," akasema. "Nilimbeba mwenyewe kwenye boksi la barafu, magotini, safari nzima, kutoka maabara niliyosomea."

Sikujua. Nikamwambia na lile lingine: dada yangu amejitolea kuwa wa kwanza. Nilidhani atasema ndiyo maana umepoteza akili. Alikausha kikombe, akakiweka.

"Sote tungekuwa na dada humo, tungetazama mapema zaidi."

Halafu alikasirika. Lo! Alikasirika na ukuta, na kamati, na Bibi, na mimi kwa kutokuja Alhamisi nilipoanza kushuku. Akaniambia toka. Nimefika mlangoni, akaniita nirudi, nisikie anavyopiga simu. "Mficha uchi hazai," akasema, akabonyeza namba ya mwenyekiti wa kamati. Ameondoa ombi letu. Alilisema moja kwa moja, bila pambo: kipimo chetu cha seli nzima hakikuwa kipimo.

Akakata simu. "Haya. Tafuta ini."

Ijumaa, 15 Machi

Nimemwambia Dada. Nimechagua mahali pabaya: ndani ya gari lake la kufundishia. Alisema hana nafasi nyingine leo, nipande nyuma. Mbele palikuwa na mwanafunzi, baba mmoja mnene mwenye jasho, ameshika usukani kama anautia mbaroni.

Nikaanza kueleza. Mlango, Bibi, ganda. Dada macho barabarani.

"Kwa hiyo mmeahirisha."

Tumeondoa ombi.

"Mpaka lini? — Kulia. Kulia, baba, si wewe kitindamimba — mpaka lini?"

Sijui, nikasema. Labda mwaka.

Akakanyaga breki yake. Gari likazima katikati ya barabara, yule baba akaomba radhi, maskini, akidhani ni yeye. Dada akageuka. Wiki iliyopita amepigwa picha ya ini. Kuna doa. Dogo, daktari anataka kulitazama tena. Na daktari alishamwambia kwamba majaribio ya mwanzo yatachukua tu wenye ini lililo imara bado. "Mwaka mmoja mbele mimi simo. Umenielewa? Ulikuwa mlango wangu, na umeufunga wewe!"

Ningekuacha uingie hivyo hivyo? nikamwuliza. Bila kujua?

"Ungeniuliza mimi!"

Magari nyuma yanapiga honi. Yule baba anauliza kwa sauti ndogo kama awashe. "Shuka," Dada akaniambia. Nikashuka.

Nimelia barabarani kama mtoto, mchana kweupe. Muuza magazeti amenipa kiti chake. Sioni haya kuandika. Nimemkosea au sikumkosea? Nikirudia mara mia nitafanya vile vile. Na bado inauma.

Jumamosi, 16 Machi

Nimefua mapazia yote. Mtu ana hasira, afue.

Jumatano, 20 Machi

Daktari wa upasuaji, mwanamke mfupi, anaongea huku anatembea, lazima umfukuzie kwenye korido. Mtu anapokatwa uvimbe wa ini, anasema, hukatwa na ukingo mzima unaouzunguka. Ukingo huo huenda kwenye uchunguzi, na kinachobaki hutupwa. Mgonjwa akikubali na kutia sahihi, tutapewa kilichobaki. Lakini seli hizi si Bibi! Zimetoka kwa mtu, zinadeka. Wiki mbili tu, zinakufa zenyewe kwa huzuni. Tukichelewa, hasara yetu.

Sawa. Hatutachelewa.

Dada hapokei simu. Shemeji anapokea, ananiambia yuko bafuni. Dada huyu atakuwa samaki.

Jumanne, 2 Aprili

Kipande cha kwanza! Mgonjwa hana virusi, ini lake safi. Tumeziosha seli, tumezilaza, jana tukatia maganda ya taa kwenye sahani moja. Leo asubuhi zinawaka. Kijani! Seli nzima, mlango wazi, ganda limeingia. Nimepiga ukelele, Profesa akaja mbio akidhani nimeungua.

Sasa sahani ya pili, jeni yenyewe. Dawa imetiwa. Jamani, nyamaza humo ndani. Nyamaza.

Ijumaa, 5 Aprili

Haikunyamaza.

Katika kila seli tano nzima, moja imekufa. Hazikuwa na kirusi hata kimoja. Jeni imejiwasha yenyewe, imeropoka.

Nilikwenda stoo nikakaa juu ya boksi la glovu. Niliwaza fulana ya njano. Niliwaza Dada akichomwa sindano huku akimtania muuguzi. Moja kati ya tano, kwenye ini ambalo tayari lina mzigo wake! Kama Bibi angeendelea kututabasamia, tungempa hiyo, na mimi ningekuwa nimesimama pale nimemshika mkono.

Nikampigia. Akapokea. Sijui ni kwa nini leo. Nikamweleza kama ilivyo, bila kupamba. Nikasikia kiashiria cha gari lake kinagonga, tik-tak, tik-tak, hakuzima.

"Moja kati ya tano ya zile nzuri?"

Ndiyo, Dada.

"Basi ulinikanyagia breki." Kisha: "Lakini bado sikupendi. Njoo Jumapili, shemeji yako anapika supu."

Jumatatu, 8 Aprili

Kazi. Mwaka juzi tuliunda jeni nyingine, ya kufuli mbili. Jeni imekatwa vipande viwili. Kila kipande kinangoja alama yake kutoka kwa virusi, na kimoja bila mwenzake hakiui. Kikiropoka kimoja, hakuna madhara, ni nusu ya neno tu. Ili seli nzima ife, vyote viwili viropoke pamoja ndani ya seli moja. Si rahisi.

Kwa nini tuliitupa kwenye friji? Kwa sababu ni goigoi! Ile ya kufuli moja ilimaliza wagonjwa kwa siku mbili. Hii ilihitaji tano. Na Bibi alikuwa mzima kwa zote mbili, kwa hiyo nani achague goigoi? Haraka zetu hizo.

Nimeitoa leo. Imeganda, ina barafu kama ndevu. Kipara ameifuta kwa kidole: "Shikamoo, bibie."

Bado tunahitaji ini. Na safari hii si safi: ini lenye walioambukizwa na wazima pamoja, bega kwa bega, kama lilivyo ndani ya mtu. Daktari wa upasuaji amekimbia kwenye korido akasema hana mgonjwa wa namna hiyo. Tungoje.

Jumapili, 21 Aprili

Lile doa ni uvimbe.

Shemeji ndiye aliyenipigia, sauti imekauka. Ni mdogo, upo pembeni, unakatika. Daktari anasema umewahiwa. Kinachobaki cha ini ni kizuri, ila virusi bado vimo, na vikibaki vitafanya tena. Leo au kesho kutwa, vitafanya tena. Nimekwenda mbio.

Dada alikuwa ameketi kitandani anakata kucha. Nilidhani nitamtuliza. Yeye ndiye aliyeanza.

"Mnatafuta ini lenye wagonjwa na wazima pamoja."

Nikasema Dada, hapana.

"Wananikata Alhamisi ya tarehe mbili. Kitabaki kipande. Mnataka au kitupwe?"

Nikalia tena. Mwaka huu nimekuwa bomba linalovuja. Akanirushia taulo, akasema nisimlilie, bado anazo kucha za miguu za kumaliza. Kisha akanishika kichwa akakibana kwapani kama alivyokuwa akinibana nikiwa mdogo. Amekonda. Mkono wake umekonda.

"Seli zitakazobaki ndani yangu," akasema, "zinataka kujua."

Jumanne, 23 Aprili

Profesa ameweka masharti, na yote ni ya haki. Dada ataongea na daktari wa upasuaji, si na mimi, na atatia sahihi mbele yake. Kipande kitakuja na namba. Naruhusiwa kukiandaa kwa kuwa mikono yangu ni mizuri kuliko yote hapa (kasema yeye!), lakini siruhusiwi kuhesabu. Atahesabu Kipara, bila kujua sahani ipi ni ipi. Profesa mwenyewe atazipa sahani herufi na kuficha ufunguo wa herufi hizo.

"Jicho linalopenda," akasema, "linaona linachotaka."

Sawa. Hata mimi siliamini jicho langu.

Alhamisi, 2 Mei

Ametoka salama. Niandike hilo kwanza. Shemeji amepiga, anacheka na kulia pamoja: ametoka, anapumua, uvimbe wote umetoka.

Boksi la barafu lilifika kabla ya simu yake. Namba tu juu yake. Nilijua, bila shaka nilijua. Ndani, ini la Dada: rangi ya kahawia iliyoiva, dogo kuliko kidole gumba. Nilisimama nikilitazama na glovu mkononi, na Kipara akasema polepole, "Kama unataka, niache nifanye." Nikasema hapana. Nimeliosha. Nimelikata. Nimeliyeyusha polepole kwenye maji yenye vimeng'enya, joto la mwili, mpaka seli zikaachana. Nikazilaza kwenye sahani, nikafunga kabati la joto.

Sahani tatu, na ndogo ya nne ya maganda ya taa. Moja ganda tupu. Moja kufuli moja. Moja kufuli mbili.

Ijumaa, 3 Mei

Zimeshika! Zimejilaza vizuri. Maganda yamewekwa.

Dada anaongea. Amemwambia muuguzi kitanda chake kimeegeshwa vibaya.

Jumatatu, 6 Mei

Dawa imetiwa. Siku tano za kungoja. Sahani ya taa ya majaribio ilionyesha kijani kotekote, kwa hiyo safari hii mlango si hoja. Walioambukizwa wameingiliwa, na wazima wameingiliwa. Yote yatakayotokea sasa yanatoka kwenye jeni yetu.

Nikienda wodini hatuongelei hili. Tunaongelea mwanafunzi wake, yule baba wa jasho. Amefaulu mtihani! Ameleta maua.

Jumamosi, 11 Mei

Niko kwenye benchi nje ya chumba cha hadubini. Profesa yuko ofisini kwake na herufi zake, mlango umefungwa. Kipara yuko humo ndani, gizani, na sahani tatu. Nimekatazwa kuingia. Kukaa nje sikukatazwa.

Seli zilizoambukizwa tumezitia rangi nyekundu ili ajue nani ni nani. Anahesabu zilizokufa tu. Ana vidude viwili vya kubonyeza, kila mkono kimoja. Kushoto kile cha chuma cha zamani: nyekundu iliyokufa, anabonyeza, ka. Kulia kile kipya cha plastiki: nzima iliyokufa, tik. Hakuna aliyefikiria kwamba mlango huu ni mwembamba. Au Kipara alifikiria.

Nataka kusikia ka. Sitaki kusikia tik. Basi, hayo ndiyo maisha yangu leo.

Sahani ya kwanza. Ka ka ka, tik. Ka ka, tik, tik. Ka, tik. Ilikuwa hivyo mpaka mwisho. Hiyo ni kufuli moja, najiambia. Lazima iwe kufuli moja. Na kama siyo?

Dada ametuma ujumbe kutoka wodini: "Wenzangu wa kwenye sahani wanasemaje?" Sijajibu.

Sahani ya pili. Kimya. Ka. Kimya kirefu. Tik. Kimya. Kipara amekohoa. Ka. Kwisha. Hiyo ni ganda tupu, hata kipofu angejua. Wanakufa wale wa kawaida tu, kwa huzuni yao.

Kwa hiyo iliyobaki...

Anabadilisha. Nasikia glasi. Nasikia kiti.

Ka.

Ka. Ka. Ka ka ka. Nyekundu zinakufa! Ka ka. Goigoi, goigoi gani hii! Ka ka ka ka.

Tik.

Moja.

Ka ka. Ka. Ka ka ka. Mkono wangu umelowa, kalamu inateleza.

Dada tena: "We kitindamimba, kimya chako kinanitisha kuliko kisu."

Nimeandika "Subiri," nikafuta. Ka ka ka. Nimeandika "Moja tu mpaka sasa," sijatuma. Kipara hajafika hata nusu ya sahani. Ka. Ka ka. Ka ka ka ka. Ka. Tik bado ni ile moja, na mimi bado nasikiliza.